Maandamano, mapinduzi na vita katika nchi za Kiarabu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kila habari za Damascus, Tripoli, Sanaa au Khartoum zinaporudi kwenye taarifa ya habari ya saa mbili usiku, maswali huja yaleyale. Tumeyakusanya hapa. Majibu hayalingani urefu: Syria imepewa nafasi kubwa kuliko Oman au Morocco, kwa sababu ndiko mambo yalikochanganyika zaidi na ndiko wasomaji wengi wanakopotea njia.

Yote haya yalianzia wapi?

Sidi Bouzid, mji mdogo wa katikati ya Tunisia, tarehe 17 Desemba 2010. Mohamed Bouazizi, machinga wa matunda na mboga mwenye umri wa miaka 26, alinyang'anywa mizani na bidhaa zake na maofisa wa manispaa. Akaenda kulalamika ofisi ya mkoa, hakuna aliyemsikiliza. Akajimwagia mafuta mbele ya jengo hilo na kujiwasha moto. Alifariki tarehe 4 Januari 2011. Siku kumi baadaye Rais Zine El Abidine Ben Ali, aliyekuwa madarakani kwa miaka 23, alipanda ndege na familia yake kwenda Saudi Arabia, na huko ndiko alikofia mwaka 2019.

Mtu wa Kariakoo au Gikomba hahitaji kuelezwa uchungu wa kunyang'anywa mizani. Lakini machinga huonewa kila mahali na serikali hazianguki. Tunisia ilikuwa na vijana wengi wenye shahada na wasio na kazi, ukoo wa mke wa rais ulikuwa umejitwalia biashara nono za nchi, wachimba migodi wa Gafsa walikwisha kuandamana mwaka 2008, na kulikuwa na chama kikuu cha wafanyakazi, UGTT, chenye matawi hadi miji midogo. Moto ulipowaka Sidi Bouzid, matawi hayo ndiyo yaliyoupeleka Sfax na Tunis.

Kwa nini Ben Ali aliondoka ndani ya wiki nne na Assad wa Syria akakaa karibu miaka 14 tangu maandamano yaanze?

Hili ndilo swali tunalolipenda, na jibu letu halijabadilika: usiwatazame waandamanaji peke yao, watazame wanajeshi. Viwanja vya Tunis, Cairo, Benghazi, Sanaa, Manama na Homs vilijaa watu wenye hasira ileile na kaulimbiu ileile, «Ash-shaab yurid isqat an-nizam», yaani wananchi wanataka utawala uanguke. Kilichotofautiana ni nani aliyeshika bunduki, nani anamlipa, na ana undugu na nani.

Jeshi la Tunisia lilikuwa dogo na Ben Ali alikuwa amelisukuma pembeni, akitegemea polisi. Polisi walipiga watu risasi. Jeshi halikuona sababu ya kufa kwa ajili yake.

Jeshi la Misri ni jambo jingine kabisa. Lina viwanda, mashamba na makampuni ya ujenzi. Linatengeneza hata tambi na maji ya chupa. Majenerali hawakufurahia mpango wa Hosni Mubarak kumrithisha kiti mwanawe Gamal, mfanyabiashara ambaye hakutoka kambini. Uwanja wa Tahrir ulipofurika kuanzia Januari 25, 2011, walipima hasara na faida, na tarehe 11 Februari makamu wa rais Omar Suleiman akasoma tangazo fupi sana: rais ameachia ngazi, madaraka yako kwa Baraza Kuu la Majeshi. Watu wakapanda juu ya vifaru wakiimba kwamba jeshi na wananchi ni mkono mmoja. Tarehe 3 Julai 2013 mkono huohuo ukamwondoa Mohamed Morsi wa Udugu wa Kiislamu, rais aliyechaguliwa mwaka uliotangulia. Na tarehe 14 Agosti vikosi vya usalama vilivunja kambi ya wafuasi wake pale Rabaa al-Adawiya; Human Rights Watch ilihesabu waliouawa kuwa si chini ya 817, kwa siku moja. Kwa hiyo ukiulizwa kama mapinduzi ya Misri yalifanikiwa, uliza kwanza ni mapinduzi ya nani.

Libya, Muammar Gaddafi alikuwa amelidhoofisha jeshi kwa makusudi, maana mwenyewe aliingia kwa mapinduzi ya kijeshi mwaka 1969 na aliijua njia. Silaha nzuri zilikuwa kwenye vikosi vya wanawe, hasa kile cha Khamis. Vuguvugu lilipoanza Benghazi katikati ya Februari 2011, jeshi lilipasuka: mashariki wakaasi, magharibi wakabaki. Yemen nako lilipasuka. Tarehe 18 Machi 2011 wadunguzi waliwaua waandamanaji wapatao 50 mjini Sanaa, na siku tatu baadaye Jenerali Ali Mohsen al-Ahmar, mtu wa karibu kabisa na Rais Ali Abdullah Saleh, akatangaza kwamba vikosi vyake vinawalinda waandamanaji. Jeshi likipasuka katikati, jiandae kwa vita.

Syria haikupasuka hivyo. Askari wa kawaida walitoroka kwa maelfu, lakini vikosi vyenye vifaru, ndege na idara za ujasusi vilikuwa mikononi mwa ndugu na watu wa dhehebu la rais, wakiwa wameshonwa pamoja tangu baba yake, Hafez al-Assad, alipotwaa madaraka mwaka 1970. Kikosi cha Nne cha vifaru kilikuwa chini ya Maher, mdogo wake Rais Bashar al-Assad. Mtu wa namna hiyo akimwacha rais, anakwenda wapi?

Mbona wafalme na masultani hawakuanguka?

Pesa, washirika, na kuwahi. Mfalme wa Morocco aliahidi katiba mpya ndani ya wiki chache na ikapigiwa kura Julai 2011. Saudi Arabia ilitangaza nyongeza za mishahara, nyumba na misaada ya zaidi ya dola bilioni 100. Wafalme pia wana ujanja ambao marais hawana: wanaweza kumfukuza waziri mkuu na kujifanya wako upande wa wananchi.

Oman wengi wetu tuna jamaa huko, na mara nyingi huwa hawataji haya. Februari 2011 vijana wa Sohar, mji wa viwanda na bandari, waliziba mzunguko mkuu wa barabara wakidai ajira na kung'olewa kwa mawaziri wala rushwa. Kuna waliopigwa risasi. Sultan Qaboos akabadilisha baraza la mawaziri, akaahidi nafasi za kazi 50,000 na posho ya riali 150 kwa mwezi kwa wanaotafuta kazi. Ikatulia, ingawa Sohar iliandamana tena mwaka 2021 kwa madai yaleyale.

Bahrain ndiko ufalme ulikoyumba kweli. Familia inayotawala ni Wasunni, wananchi walio wengi ni Washia, na maelfu walipiga kambi kwenye mzunguko wa Lulu mjini Manama kuanzia Februari 14, 2011. Mwezi mmoja baadaye askari wa Saudi Arabia walivuka lile daraja refu la baharini kuingia kisiwani, pamoja na polisi kutoka Falme za Kiarabu. Tarehe 18 Machi serikali ikaubomoa hata mnara wa lulu uliokuwa katikati ya mzunguko, ili pasibaki mahali pa kukumbukia. Marekani, ambayo manowari zake za Kikosi cha Tano zimeegeshwa hapohapo, ilisema maneno machache tu.

Ni kweli Facebook ndiyo iliyoleta mapinduzi?

Ilisaidia. Lakini usiku wa kuamkia Januari 28, 2011 serikali ya Misri ilizima intaneti karibu nchi nzima, na kesho yake ndiyo siku watu walijitokeza kwa wingi kuliko zote zilizotangulia. Mtu aliyekuwa akifuatilia kwa simu akiwa sebuleni alilazimika kutoka nje kuona kinachoendelea.

Kwa nini maandamano makubwa yalikuwa Ijumaa?

Kwa sababu katika nchi iliyo chini ya sheria ya hali ya hatari, msikiti baada ya swala ya Ijumaa ndipo mahali pekee ambapo watu mia tano wanaweza kuwa pamoja bila kibali. Syria hali hiyo ya hatari ilidumu tangu 1963 hadi Aprili 2011. Hata wasioswali walisubiri nje ya mlango hadi imamu atoe salamu. Kila Ijumaa ilipewa jina lake, kama vile Ijumaa ya Heshima, na majina mengine yalipigiwa kura mtandaoni. Ukiona jina hilo kwenye bango la video ya zamani, umeshapata tarehe yake.

Syria ilianzaje, na ilikuwaje ikafika kwenye vita?

Ilianza na chokaa ya ukuta. Mapema mwaka 2011, katika mji wa kusini wa Daraa, wavulana wa shule waliandika kwenye kuta maneno waliyoyasikia kwenye televisheni kutoka Cairo, na mengine ya kwao: «Zamu yako imefika, daktari». Daktari ni Bashar al-Assad, aliyesomea macho London kabla ya kuitwa nyumbani kurithi kiti cha baba yake mwaka 2000. Wavulana walikamatwa na kuteswa. Wazazi na majirani wakaandamana katikati ya Machi, wakapigwa risasi; mazishi ya waliouawa yakageuka maandamano, nayo yakapigwa risasi. Mwezi Mei familia ya Hamza al-Khatib, mtoto wa miaka 13, ilirudishiwa mwili wake ukiwa na alama za mateso, na picha zake zikasambaa nchi nzima.

Miezi ile ya mwanzo watu walitembea mikono mitupu, na hili lisisahaulike, maana baadaye kila upande ulitaka lisahaulike. Serikali ilisema tangu siku ya kwanza kwamba inapambana na magaidi. Mwaka huohuo ikatoa misamaha iliyowafungulia wafungwa, wakiwamo viongozi wa Kiislamu wenye msimamo mkali waliokuwa gereza la Sednaya, huku vijana wa maandamano wakiingizwa ndani. Julai 2011 Kanali Riad al-Asaad wa jeshi la anga alitangaza kuundwa kwa Jeshi Huru la Syria, likiwa na askari waliotoroka. Kuanzia hapo ni mtaa kwa mtaa: Homs, halafu Aleppo mwaka 2012, mji uliokatika vipande viwili kwa miaka minne, mashariki kwa waasi na magharibi kwa serikali.

Helikopta zikaanza kudondosha mapipa yaliyojazwa baruti na vyuma chakavu juu ya nyumba za watu. Tarehe 21 Agosti 2013 gesi ya sarin iliua mamia ya watu Ghouta, viungani mwa Damascus; Marekani ilitishia kushambulia, kisha ikakubaliana na Urusi kwamba Syria isalimishe silaha zake za kemikali. Waasi wengi walihesabu siku ile kuwa ndiyo siku walipoachwa. Mwaka uliofuata kundi la Dola la Kiislamu, lililokuwa limeishika Raqqa, liliteka Mosul ya Iraq na kutangaza ukhalifa, na dunia ikaacha kumzungumzia Assad.

Septemba 30, 2015 ndege za Urusi zikaanza kumpigania. Desemba 2016 Aleppo mashariki ikaanguka, na waliobaki wakapakiwa kwenye mabasi ya kijani ya serikali kupelekwa Idlib. Tangu hapo kila mtaa uliosalimu amri ulijua mabasi hayo maana yake nini.

Kwa hiyo ni vita vya Sunni na Shia?

Ndivyo ilivyorahisishwa kwenye baraza nyingi za kahawa, na kuna ukweli ndani yake: Assad ni Mwalawi, dhehebu lililochipuka kutoka Ushia, Iran na Hezbollah, kundi la Kishia la Lebanon, walimpigania, waasi wengi ni Wasunni waliopata fedha kutoka Qatar, Saudi Arabia na Uturuki. Lakini wafanyabiashara wengi Wasunni wa Damascus na Aleppo walikaa upande wa serikali au walinyamaza. Wakurdi, ambao wengi wao ni Wasunni, walipigana na Dola la Kiislamu, kisha na Uturuki na washirika wake. Dola la Kiislamu liliua Wasunni kwa maelfu. Na Tunisia, Misri na Libya, ambako Washia hawafiki hata kutajwa, waliandamana kwa sababu zilezile.

Dhehebu linaeleza nani aliogopa nini vita vilipokwisha kuanza. Halielezi kwa nini mtoto wa shule alichukua rangi akaandika ukutani.

Assad aliangukaje ndani ya siku 12?

Turudi kambini, kwa wanajeshi. Tarehe 27 Novemba 2024 wapiganaji kutoka Idlib, wakiongozwa na kundi la Kiislamu la Hayat Tahrir al-Sham, walianza mashambulizi. Aleppo ikaanguka ndani ya siku chache, Hama tarehe 5 Desemba, na alfajiri ya tarehe 8 wakaingia Damascus huku Assad akiwa amekwisha kuukimbia mji; akaishia Moscow. Urusi ilikuwa imezama Ukraine. Hezbollah ilikuwa imevunjwavunjwa na Israel, kiongozi wake Hassan Nasrallah ameuawa Septemba. Askari aliyebaki mstari wa mbele alikuwa na mshahara usiotosha hata chakula cha familia. Tarehe 4 Desemba Assad aliamuru askari waongezewe mishahara kwa asilimia 50. Walikwisha kuvua sare na kuzitupa barabarani.

Kiongozi wa kundi lile, Abu Mohammed al-Jolani, mtu aliyewahi kuwa na al-Qaeda, amerudi kwenye jina lake, Ahmed al-Sharaa, na tangu Januari 2025 ni rais wa mpito mwenye suti na tai. Machi mwaka huo mamia ya raia Waalawi waliuawa kwenye mikoa ya pwani, na Julai damu ilimwagika Sweida, kusini, kwenye eneo la Wadruze, dhehebu jingine dogo. Anayekwambia vita vimekwisha kabisa na anayekwambia hakuna kilichobadilika, wote wawili usiwachukulie kwa haraka.

Afrika ilisema nini kuhusu Libya?

Ilisema mengi na haikusikilizwa, na sehemu ya lawama ni yake. Machi 2011 Umoja wa Afrika uliandaa mpango wa amani na kuteua kamati ya marais watano, akiwamo Yoweri Museveni wa Uganda na Jacob Zuma wa Afrika Kusini. Aprili ujumbe ulikwenda Tripoli, Gaddafi akaukubali mpango. Benghazi wakaukataa, kwa kuwa haukumtaka Gaddafi aondoke. Lakini azimio namba 1973 la Baraza la Usalama, lililoruhusu nguvu za kijeshi na kufungua njia kwa NATO, lilipitishwa Machi 17 kwa kura za Afrika Kusini, Nigeria na Gabon pia. Ujerumani, Urusi, China, India na Brazil ndizo zilizojizuia. Viongozi wetu walipiga kura New York na kulia Addis Ababa.

Gaddafi aliuawa Oktoba 20, 2011 karibu na Sirte, mji wa nyumbani kwao. Huku kwetu kumbukumbu zake haziko upande mmoja. Kampala waumini wanaswali katika msikiti mkubwa alioukamilisha kwa fedha za Libya. Kwa wanajeshi wazee wa Tanzania ni mtu aliyempelekea Idi Amin askari katika vita vya Kagera, wakakutana nao Lukaya Machi 1979. Waafrika weusi waliokuwa wakifanya kazi Libya mwaka 2011 wana kumbukumbu nyingine tena: wengi walipigwa na kufungwa na waasi kwa kudhaniwa ni mamluki, kwa sababu ya rangi tu.

Tangu 2014 nchi ina tawala mbili, magharibi Tripoli na mashariki chini ya mbabe wa kijeshi Khalifa Haftar. Jaribio la Haftar kuiteka Tripoli, lililoanza Aprili 2019, lilishindwa, na mapigano makubwa yalisitishwa Oktoba 2020. Uchaguzi wa rais uliopangwa Desemba 2021 haukufanyika.

Yemen: nina ukoo Hadhramaut. Nielewe vipi vita hivi?

Familia za Washihiri, watu wenye asili ya huko, zipo Mombasa, Lamu, Unguja na Tanga kwa vizazi, kwa hiyo swali hili huja mara nyingi. Saleh alitia saini kuondoka Novemba 2011 na kupewa kinga ya kutoshtakiwa. Hilo ndilo kosa lililozaa mengine: alibaki Sanaa, na askari wake wakabaki naye. Septemba 2014 Wahouthi, waasi kutoka Saada huko kaskazini, waliuteka mji mkuu kwa msaada wake, yeye aliyewapiga vita mara kadhaa akiwa rais. Machi 2015 Saudi Arabia na washirika wake wakaanza kushambulia kwa ndege. Desemba 2017 Saleh akajaribu kugeuka tena, Wahouthi wakamuua.

Hadhramaut haikuwa kitovu cha mapigano hayo, ingawa Mukalla ilishikwa na al-Qaeda kwa mwaka mzima, kuanzia Aprili 2015. Njaa, kukatika kwa umeme na mishahara isiyolipwa vimewaumiza watu wa huko kuliko makombora. Kusitishwa kwa mapigano kulikoanza Aprili 2022 kumeshikilia kwa kiasi kikubwa. Lakini Novemba 2023 Wahouthi walipoanza kushambulia meli Bahari ya Shamu kwa sababu ya vita vya Gaza, meli nyingi zililazimika kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema, na hata waagizaji wa Mombasa na Dar es Salaam wakaonja gharama yake.

Idadi ya waliokufa hubadilika kila ninaposoma. Niamini ipi?

Soma kwanza wanahesabu nani, halafu ndiyo utazame namba. Ofisi ya haki za binadamu ya Umoja wa Mataifa iliacha kutoa hesabu mpya za Syria mapema mwaka 2014, kwa kuwa haikuweza tena kuthibitisha. Mwaka 2022 ikarudi na makadirio ya raia 306,887 waliouawa kati ya Machi 2011 na Machi 2021. Kati yao 143,350 wana kumbukumbu, na sehemu iliyobaki ni makadirio ya kitakwimu. Hao ni raia pekee, na ni waliouawa na vita moja kwa moja. Askari na waasi hawamo, wala mgonjwa wa figo aliyekufa kwa sababu hospitali ilipigwa bomu.

Yemen ni kinyume chake. Namba inayotajwa sana, 377,000 hadi mwisho wa 2021, ni makadirio ya shirika la maendeleo la Umoja wa Mataifa, UNDP, na inajumuisha waliokufa kwa njaa na maradhi, ambao ni karibu asilimia 60. Kuziweka namba hizo mbili kwenye jedwali moja ni kuwapotosha wasomaji, na vyombo vikubwa hufanya hivyo kila mwaka.

Nimetumiwa video kwenye WhatsApp. Nitajuaje kama ni ya kweli na ni ya lini?

Wapiga picha wa Syria walijifunza mapema kwamba hakuna atakayewaamini, wakaanzisha utaratibu wao: kabla ya kuonyesha umati, mtu anashika karatasi iliyoandikwa mji na tarehe mbele ya kamera, au anavitamka kwa sauti. Video iliyokatwa mwanzo wake huenda imekatwa kwa sababu hiyo. Kisha tazama vitu ambavyo mpiga picha hakuvikusudia: umbo la mnara wa msikiti, namba za magari, majina ya maduka, nguo za watu. Wakivaa makoti mazito na wewe umeambiwa ni Julai, acha. Piga picha ya skrini uitafute kwa picha kwenye Google. Mara nyingi utakuta ilitumika Gaza, halafu Aleppo, halafu Mosul, na sasa inaitwa Khartoum. Na ukimjua mtu anayesema Kiarabu, muulize lafudhi tu. Msudani na Mshami, yaani mtu wa Syria na jirani zake, hawafanani hata kwa salamu.

Bendera zinanichanganya.

Syria: nyekundu, nyeupe na nyeusi yenye nyota mbili za kijani ilikuwa ya Assad. Kijani, nyeupe na nyeusi yenye nyota tatu nyekundu ilikuwa ya upinzani, ndiyo ya nchi sasa, na ni ya zamani kuliko ile nyingine. Libya: ya kijani tupu ni ya Gaddafi, yenye nyekundu, nyeusi na kijani pamoja na mwezi na nyota ni ya uhuru wa 1951.

Nifuate chombo gani?

Zaidi ya kimoja, na ujue kinalipwa na nani. Al Jazeera ni ya Qatar, Al Arabiya ni ya Wasaudi. Mwaka 2011 zote mbili zilikuwa na sauti kubwa kuhusu Libya na Syria, na sauti ndogo sana kuhusu Bahrain. Kwa Kiswahili, idhaa za BBC, DW na RFI hufuatilia, ila mara nyingi kwa dakika mbili tatu. Kwa Sudan, sikiliza Wasudani wenyewe walioko Kampala, Nairobi na Cairo.

Kuna nchi hata moja iliyofaulu?

Kwa miaka kumi tulikuwa tukijibu Tunisia: katiba ya 2014 iliyoandikwa kwa mabishano ya haki, uchaguzi wa kweli, na Tuzo ya Nobel ya Amani ya 2015 kwa asasi nne, UGTT ikiwamo, zilizozuia nchi isiingie kwenye umwagaji damu. Julai 25, 2021 Rais Kais Saied alisimamisha bunge, akaandika katiba yake, na mwaka 2024 akashinda tena kwa zaidi ya asilimia 90 huku wapinzani wakiwa gerezani. Magari ya jeshi yalisimama mlangoni mwa bunge usiku ule. Jeshi lile dogo nalo lilikuwa limechagua.

Sudan nayo imo?

Imo, na ndiyo iliyo karibu nasi kuliko zote. Maandamano yalianza Desemba 2018, Atbara ukiwa miongoni mwa miji ya mwanzo kuwaka, kwa sababu ya bei ya mkate. Wasudani walikuwa wamesoma yaliyowapata Wamisri na Wasyria, na walipoamua kupiga kambi Aprili 6, 2019, walikwenda moja kwa moja mlangoni mwa makao makuu ya jeshi, Khartoum, wakawaambia askari wachague. Siku tano baadaye Omar al-Bashir akaondolewa baada ya miaka 30. Juni 3 kambi hiyo ilivunjwa kwa mauaji, na waliotajwa zaidi ni RSF, kikosi kilichozaliwa na wanamgambo wa Janjaweed wa Darfur, chini ya Mohamed Hamdan Dagalo, maarufu Hemedti. Oktoba 2021 yeye na Jenerali Abdel Fattah al-Burhan waliipindua serikali ya mpito wakiwa kitu kimoja. Aprili 15, 2023 wakageukiana.

Zaidi ya watu milioni 12 wamehama makwao tangu hapo. Maelfu kati yao wamo Uganda, katika makazi ya wakimbizi ya Kiryandongo. El Fasher, mji wa Darfur, ilizingirwa kwa zaidi ya siku 500 kabla RSF haijaiteka Oktoba 26, 2025, na waliotoka hai walisimulia mauaji ya nyumba kwa nyumba. Falme za Kiarabu zinashutumiwa kuipa RSF silaha, zinakanusha. Kenya nayo imejikuta ndani: Februari 2025 RSF na washirika wake walikusanyika Nairobi kutia saini mkataba wa kuunda serikali yao, Khartoum ikamwita balozi wake nyumbani, na mwezi uliofuata ikapiga marufuku bidhaa kutoka Kenya. Bidhaa kubwa kuliko zote ilikuwa majani ya chai. Mkulima wa Kericho ambaye hajawahi kumsikia Hemedti alilijua jina hilo kupitia malipo ya kiwanda.